Majibu ya Mama Mkwe

Kila swali alilouliza muuguzi lilikuwa la mkamwana. Kila jibu lilitoka kwa mama mkwe.

"Dada, usiku unapata usingizi?"

"Hapati," mama mkwe alidakia. "Macho makavu mpaka kunakucha."

Mtoto alikuwa ameshapimwa. Wa kiume, miezi mitatu, uzito mzuri, shingo imekaza. Ila muuguzi alipomchekea, mtoto alimkodolea macho kitambo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akageukia ukutani. Hakutabasamu.

"Mwanao si mgonjwa," muuguzi alimwambia mkamwana taratibu. "Mtoto wa umri huu anajifunzia kucheka usoni kwa mama yake. Kwa hiyo leo nataka kujua hali yako wewe."

Mkamwana alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mteja hatoki kwake bila kucheka. Tangu ajifungue, cherehani ilifunikwa shuka, na yeye alishinda kitandani akiipa dunia mgongo. Mumewe alisema ni uchovu, utapita. Majirani walisema anadeka. Mama mkwe hakusema lolote. Asubuhi hiyo alimvalisha viatu mkwewe, akambeba mjukuu, wakaja zahanati.

"Chakula je, kinapita?"

"Hakipiti. Anakitafuna kama mchanga."

"Mama, hebu mwache ajibu mwenyewe," muuguzi alisema, akicheka kidogo. "Hapa hatutoi zawadi kwa anayewahi."

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amempakata mjukuu, akimpigapiga mgongoni bila kukoma. Mkamwana alikuwa ameinamia vidole vyake.

"Kuna wakati unasikia vitu ambavyo wenzako hawavisikii?"

Mkamwana alivuta uzi uliochomoza kwenye kanga yake.

"Anasikia mtoto analia," mama mkwe alisema, "hata akiwa amelala fofofo. Anakwenda kumtazama, kalala. Akirudi tu, kilio kile kile. Siku nzima. Ikafika mahali akawa anajifunika mto kichwani, na bado anasikia. Na hana wa kumwambia, maana watasema ana wazimu."

Muuguzi aliandika. Jibu refu kama hilo, watu wengi hulitoa baada ya kuja mara nne, mara tano. Akavuta kiti karibu na mkamwana.

"Swali la mwisho, dada. Ni gumu, lakini namuuliza kila mama. Umewahi kujiwa na wazo la kumdhuru mtoto?"

"Lilimjia." Sauti ya mama mkwe ilikuwa imeshuka, ikabidi muuguzi ainame ili asikie. "Asubuhi, wakati wa kumwogesha. Maji ya vuguvugu, mtoto analia. Akasema moyoni, nikimwachia kidogo tu, nitapumzika. Akamwachia. Kilio kikakatika."

Kalamu ilisimama.

Mkamwana aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Mama," alisema, "mimi mtoto huyu sijawahi kumwogesha hata siku moja. Si ulinikataza?"

Mama mkwe alimkumbatia mjukuu, akakiegemeza kichwa cha mtoto shingoni mwake.

"Si huyu," alisema. "Yule alikuwa wa kike. Nilimzaa kabla ya mumeo."