Spika Isiyombadilisha Mtu

"Hapana," mgeni alisema. "Hii inachemka tu kama mafuta ya kukaangia. Niwekee nyingine."

Shamila akachomoa memori kadi ya mgeni na kuichomeka kwenye laptopu nyingine ndogo. Duka lake la laptopu, mtaani Isevya, lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma ya pazia mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, alikuwa amejilaza. Mvua ilikuwa imewafukuza watu wote barabarani.

Mgeni alikuwa amejitambulisha kwa jina la Lugembe, mkulima wa Goweko. Hakuuliza bei, wala kama betri inakaa. Alitaka mashine ndogo ya kubeba kwenye baiskeli, isiyohitaji spika ya pembeni, itakayotoa sauti ya mtu jinsi ilivyo. Baiskeli yenyewe aliiegemeza mlangoni, panga limefungwa kwenye kiti cha nyuma.

Laptopu ya pili ikatoa mvumo, kisha kilio cha msichana. Kwa mbali mwanamume alisema kitu.

"Umemsikia?" Lugembe aliuliza.

"Kidogo."

"Hii inambana pua. Hata anayemjua hatamtambua."

"Kwani ni ya kazi gani, mzee?"

"Ya kumtafuta huyo. Nitapita nayo sokoni, stendi, kwenye vijiwe vya bodaboda, mpaka nipate anayeijua sauti yake."

"Amefanya nini?"

Lugembe alitazama mikono yake. "Hayo nitawaambia watu wake nikiwapata."

Shamila hakuyapenda maneno hayo. "Na huyo anayelia?"

"Binti yangu. Simu aliivaa shingoni, ikawa inarekodi. Sasa yuko nyumbani. Tangu siku ile hajatamka neno."

Laptopu ya tatu Shamila aliijua. Spika zake zilikuwa juu, pembeni mwa vibonye, si chini ya tumbo ambako sauti humezwa na meza. Akaichomeka kadi, akabonyeza.

"Nyamaza," mwanamume akasema, karibu kana kwamba amesimama hapo kaunta. "Usipige kelele. Nishike shingo. Usiangalie nyuma."

Shamila akaizima haraka.

Ilikuwa sauti ya Majidi, mume wake. Lile neno la mwisho alilivuta vilevile alivyozoea kuyavuta maneno yake yote ya mwisho. Mwanzoni mwa msimu wa mvua aliaga kwamba anakwenda Nzega kununua asali, na hakurudi. Simu yake haikupatikana tena. Ndugu walimtafuta Nzega, wakafika hadi Igunga, hawakupata mtu aliyemwona. Mtaani wakasema amepata mke mwingine, na Shamila, baada ya kulia sana, alikuwa ameanza kukubali.

Lakini Goweko ni upande mwingine kabisa. Majidi alikuwa anafanya nini huko, na mtoto wa watu analia, yeye anamwambia anyamaze?

"Hii nayo mbovu," alisema. "Inakwaruza."

"Mbona mimi nimemsikia vizuri kuliko zote?"

"Inakwaruza, mzee. Chukua ile ya kwanza, nitakupunguzia."

"Ile inambadilisha mtu. Nataka hii."

Shamila akapiga hesabu ya mambo yatakavyokuwa. Laptopu hii ikitoka mlangoni, vijana wa kijiweni watamtaja Majidi kabla jua halijazama. Walikuwa wakila naye. Kisha huyu mzee atarudi hapa, na hatakuja peke yake.

"Hii siiuzi," alisema. "Ina mwenyewe. Nilisahau."

Lugembe alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Basi irudie mara moja, niisikie kwa sauti ya juu kabisa. Nijue mashine ya kutafuta kwingine."

"Haiwezekani."

Mkono wa Lugembe ulikuwa umeshafika kwenye vibonye. Sauti ikajaa chumba kizima, ikaishinda mvua iliyokuwa ikipiga bati. *Nyamaza. Usipige kelele. Nishike shingo.*

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Majidi?" Bi Mwanamkuu aliita. "Umerudi, mwanangu?"

Lugembe akarudi nyuma hatua moja. Akalitazama pazia, akamtazama Shamila, na Shamila akaona kwamba hakuna tena cha kuficha. Akazunguka kaunta na kusimama kati ya mgeni na pazia.

"Huyo ni mama yake," alisema. "Ni mzee, hajui lolote. Mimi ndiye mkewe. Kama umekuja kulipiza, lipiza kwangu. Yeye usimguse."

Lugembe akaizima laptopu.

Bi Mwanamkuu akalifungua pazia, kanga imemwanguka bega moja. Alitafuta kwa macho kila pembe ya chumba. "Nimemsikia mwanangu. Yuko wapi?"

Shamila alinyoosha mkono kumzuia. Mgeni alishaanza kusogea. Alikuja polepole mpaka mbele ya yule mama, akavua kofia yake iliyolowa na kuchuchumaa chini sakafuni.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Mwanangu yuko wapi?"

"Daraja lilikuwa linazama, mama. Mwanao alinirushia binti yangu ukingoni, halafu mto ukamchukua yeye. Tulimzika sisi, bila jina, na hata dini yake tulikisia."