Kinu cha Mama

Jumamosi, Mwanakheri aliingia makumbusho pamoja na watalii, akavuka kamba na kukishika kinu cha marehemu mama yake.

“Toka hapo!” alifoka kaka yake Shelali, aliyekuwa akiwatembeza wageni. “Nimeshakitoa kwa makumbusho. Si chetu tena.”

“Arobaini haijafika, nawe umekisimamisha kama cha arusi! Kwetu mwenye kinu akifa, kinafudikizwa, mdomo chini.”

“Mlinzi, mtoe mwendawazimu huyu.”

“Niguse uone.”

Mwanakheri alikisukuma kwa nguvu zake zote. Kinu kikaanguka, na pumba za mpunga wa mwisho aliotwanga mama zikamwagika sakafuni, miguuni pa wageni.

Mlinzi alikuja na ufagio.

“Usifagie!” Shelali alifoka, kisha akapiga magoti kando ya pumba.