Pedi za Boksi la Dhahabu

Punda, dereva wa lori, alikwenda kununua pedi za breki kwa Mbweha, muuza spea.

"Hizi za boksi la dhahabu ni laki moja," Mbweha alisema. "Hizo za boksi jeupe ni elfu ishirini, ila zitakuua, mzee wangu."

Punda akaogopa, akatoa laki. Nguchiro, fundi wake aliyekuja naye, akamzuia. Alizitoa pedi zote kwenye maboksi, akazichanganya mezani.

"Haya bosi, tuonyeshe zitakazotuua."

Mbweha akazigeuza, akazinusa. Zote zilikuwa na namba ileile na muhuri wa kiwanda kilekile. Wateja waliokuwa kwenye foleni nyuma yao wakaangua kicheko.

"Chukueni kwa elfu ishirini," Mbweha akanong'ona.

"Sema kwa sauti," Punda alimwambia, "wenzangu wasikie."

Mbweha akasema, na foleni nzima ikanunua kwa bei hiyo.