Fundi Mlangoni kwa Ndayi

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, tajiri mwenye kiwanda aliuza mitambo nchi za nje, na Salmini, fundi aliyeihudumia miaka kumi na tisa, ndiye aliyeifungua vipande vipande ili isafirishwe. Sasa, mwaka wa tatu bila kazi, alisimama uwanjani juani akimsikiliza mgombea.

"Nani wamekula kazi zenu?"

"Wageni!" umati uliitikia. Salmini naye aliitikia, ingawa alimwona yule tajiri jukwaani, kivulini, akipiga makofi. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumwuliza chochote.

Mkutano ulipokwisha, watu walimiminika hadi kwa Ndayi, mwoka mikate aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amejifungia ndani. Mtu mmoja alimtia Salmini nyundo mkononi.

"Salmini, ndugu yangu," Ndayi alisema nyuma ya mlango, maana alikijua kikohozi chake cha vumbi la pamba. "Waambie waondoke. Niko na wanangu humu."

Salmini alifungua kinywa. Alitaka kuwaambia ni nani hasa aliyeuza mitambo. Lakini nyuma yake walikuwa wakiita, "Fundi! Fundi!" kama walivyomwita zamani mtambo ulipogoma, naye akaugeukia mlango.

Alipiga bawaba ya juu, ikang'oka. Akainamia ya chini. Kutoka ndani ilimjia harufu ya mikate iliyoanza kuungua tanurini. Salmini aliinua nyundo, na mkono ukabaki juu.