Kikohozi cha Nyuma ya Pazia

Fiona alilibana pazia kati ya vitanda viwili kwa vibanio vya nguo, kimoja baada ya kingine, hadi usibaki upenyo.

"Mama, mzibe mtoto wako mdomo," alisema. "Anamkoholea wangu."

Kutoka upande wa pili sauti ya mwanamke wa Kiunguja ikajibu taratibu, "Samahani, dada."

"Samahani haitibu mapafu!"

Binti yake, Mumbua, alikuwa amelala na mipira ya oksijeni puani. Kifua kilimbana na homa ikampanda wakiwa nyumbani kwao Umm Salal, nje kidogo ya jiji, na Fiona akamkimbiza hospitalini Doha huku akimwita Mungu njia nzima. Wodi ilikuwa imefurika. Baridi ilipoingia, watoto wenye vifua walilazwa popote palipopatikana kitanda. Hata hivyo dawa ya kuvuta ilimsaidia. Akanywa uji, akacheka. Halafu jana homa ikarudi. Na jana hiyohiyo ndipo Fiona aliposikia mtoto wa jirani akikohoa.

Hakuhitaji daktari wa kumwambia ilikotoka homa hiyo.

Muuguzi Onyango alipopita, Fiona akamshika mkono. "Ndugu yangu, wewe ni wa kwetu. Mtoe huyo mtoto hapa. Kwani ana nini?"

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukuambia, Mama Mumbua."

"Basi wakubwa wako wataniambia."

Akapiga simu kwa wakubwa, akaongea kwa sauti kubwa makusudi. Watu wanaobanana kwenye vyumba vya kupanga vya mtaa wa Najma, alisema, wakigawiana mafua kama sahani ya wali, wasichanganywe na watoto wa wenzao. Alingoja atukanwe kutoka nyuma ya pazia, apate sababu ya kutukana zaidi.

Hakutukanwa. Alisikia tu kikohozi, na yule mama akibembeleza, "Pumua, Athumani. Pumua, baba."

"Angepumulia kwao," Fiona alinong'ona, si kwa chini sana.

Alasiri kikohozi cha Athumani kilikatika, kikabaki kifua kinachopiga mluzi. Kengele ya mashine ikalia. Madaktari wakaingia mbio, pazia likavutwa kwa nguvu, vibanio vikatawanyika sakafuni. Fiona alimkumbatia Mumbua na kumgeuzia uso ukutani. Homa ya binti yake ilikuwa imeshuka tangu asubuhi, na hakutaka avute hata pumzi moja ya mtoto yule.

"Anapelekwa chumba cha mahututi," Onyango alisema, akisukuma kiti kando.

"Nilisema mimi! Mngemtoa mapema, wangu asingerudiwa na homa."

Onyango alimtazama, kisha akageukia kitanda cha Athumani.

Kitanda kikasukumwa kutoka. Kwa mara ya kwanza Fiona alimwona mtoto huyo: midomo imepauka chini ya kinyago cha oksijeni, macho yakimtafuta mama yake. Shuka lilinasa kwenye magurudumu, likateleza. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya plasta ngumu, kuanzia pajani hadi kwenye vidole.

Mama yake alisimama mbele ya Fiona. Hakupaza sauti.

"Mwanangu nilimleta na mguu, dada. Kifua amekipatia hapa, mlipoletwa nyie."