Kishikizo cha Darubini

Simba alikuwa ameua watu, na safari hii bunduki ya masafa marefu, ile inayojipakia yenyewe, hakupewa Mkwizu. Alipewa Namsifu, askari wa wanyamapori aliyefundishwa kulenga na Mkwizu huyohuyo.

Dukani Namsifu alichagua darubini ya kulengea, kisha akainua kishikizo cha kuifungia juu ya bunduki.

"Kaka, hiki kitafaa?"

Mkwizu alijua kuwa kingelegea kwa risasi ya kwanza, na ya pili ingekwenda kombo. Kilicho imara alikuwa nacho mkononi. Lakini wivu ulimshinda.

"Kinafaa," alisema.

"Ahsante, kaka. Peke yangu ningekosea."

Muuzaji akaanza kukaza skrubu. Mkwizu akafumbua kiganja, akakitazama kile kishikizo imara, kilichokwisha kupata joto.

"Ngoja," alisema, kwa sauti ndogo mno.

Bisibisi iliendelea kuzunguka.