Kiherehere cha Mstari wa Arobaini

Profesa aliyenisimamia alikuwa jukwaani, akieleza uthibitisho kwamba programu za lugha yake mpya ya kompyuta haziwezi kukwama. Uthibitisho huo niliuandika mimi, kwa miaka mitatu. Kwenye skrini lilikuwepo jina lake peke yake.

Majina niliyovipa vipengele vya uthibitisho huo alikuwa ameyabadilisha. Moja lilimponyoka, mstari wa arobaini: kiherehere.

"Profesa, mbona kiherehere?" mtu aliuliza.

"Bibi yangu ndivyo alivyokuwa akiniita," alijibu. Ukumbi ukacheka.

Huyo ni bibi yangu mimi. Nilimsimulia profesa habari zake wiki tuliyomzika.

Mkobani nilikuwa na karatasi ya kumwonya: mstari wa arobaini una kosa, na linauangusha uthibitisho wote.

"Kuna swali jingine?" profesa aliuliza.

Niliikunja karatasi hadi ikawa ndogo kama kucha, nikapiga makofi kama wenzangu.